Mtaa, Kiwanja na Namba: Historia ya Anwani katika Miji ya Iringa na Mbeya

Neno mtaa hubeba maana mbili ambazo hazilingani. Kwa upande mmoja ni njia yenye nyumba kandokando. Kwa upande wa pili ni eneo zima la mji pamoja na wakazi wake. Utawala wa miji ya Tanzania umeegemea maana hii ya pili, kwani mtaa wa kiserikali ni sehemu ya kata, wenye mwenyekiti na ofisi yake. Namba ya nyumba, hata hivyo, huhitaji mstari: lazima ianzie mahali na kuishia mahali. Mkanganyiko wa anwani katika miji ya Iringa na Mbeya hueleweka vyema zaidi ukichunguzwa kutokana na tofauti hiyo, kuliko ukidhaniwa kuwa ni uzembe wa wenyeji.

Iringa ilianza na jina lililohama. Neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, lilihusu ngome ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa Kalenga. Wajerumani waliiteka ngome hiyo tarehe 30 Oktoba 1894, kisha mwaka 1896 wakaanzisha kituo kipya juu ya bonde la mto Ruaha Mdogo, wakakiita Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Hivyo mgeni wa wakati ule alikuta Iringa mbili. Ndani ya mji uliokua baadaye, majina yaliyoshika mizizi yalitaja mahali, si njia. Gangilonga, kwa Kihehe, ni jiwe linalosema. Miyomboni hukumbusha miti ya miyombo. Na Kitanzini, kwa mujibu wa masimulizi ya mji, ni kumbukumbu ya kitanzi cha kunyongea watu enzi za Wajerumani.

Mbeya ni mji mdogo kwa umri. Ulianzishwa na Waingereza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu kuelekea Chunya. Majina ya Uzunguni na Uhindini yamehifadhi ubaguzi wa makazi wa zama za ukoloni, ingawa ubaguzi wenyewe umekwisha. Enzi za ukombozi wa Afrika nazo zimeacha alama: Mbeya ina Ghana na Soweto, na Iringa ina Frelimo. Aidha, hata herufi ya mpima ardhi imegeuka jina, kwani wako wakazi wa Mbeya ambao kwao ni Block Q.

Herufi hiyo inadokeza chanzo cha pili cha mkanganyiko. Kwa muda mrefu serikali ilihesabu ardhi, haikuhesabu milango. Namba ya kiwanja hutolewa kwa utaratibu wa ramani ya upimaji, kitalu kwa kitalu. Hailazimiki kufuata mpangilio wa nyumba kando ya barabara. Kiwanja kikigawanywa, nyumba mbili huweza kudai namba moja. Na makazi yaliyojengwa bila kupimwa hayana namba ya kiwanja. Barua nazo zilipelekwa kwenye sanduku la posta, hivi kwamba S.L.P. ikawa ndiyo anwani, ilhali haielezi mtu analala wapi.

Pengo hilo lilizibwa na watu. Mfumo wa nyumba kumi, ulioenezwa na TANU katika miaka ya 1960, ulimfanya balozi kuwa anwani hai: aliyemjua balozi alimpata mkazi. Pamoja na balozi kulikuwa na soko, kituo cha daladala, mti na duka. Mjini Mbeya abiria huelekezwa kushuka Kabwe, Mafiati au Mama John, kisha aulize. Njia hii ina nguvu ya kushangaza: soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, lakini jina liliendelea kuwaongoza watu. Udhaifu wake ni kwamba humhitaji mtu wa kuulizwa. Usiku wa manane, gari la zimamoto au la wagonjwa halina wa kumuuliza.

Kwa sababu hiyo Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Februari 2022 kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, ilikuwa na uzito. Nyumba zilipewa namba, barabara zikapewa majina na vibao, na postikodi zikaunganishwa nazo: zinazoanza na 51 ni za Mkoa wa Iringa, na zinazoanza na 53 ni za Mkoa wa Mbeya. Kwa mara ya kwanza mtaa wa eneo ulidaiwa kugawanywa katika mitaa ya mistari, na vichochoro ambavyo havijawahi kuitwa vikahitaji majina kwa haraka.

Hapo ndipo kazi ya wanahistoria na wanaisimu inapohitajika. Jina lililobandikwa kwa haraka humfikisha mgeni mlangoni, lakini huweza kulifunika jina ambalo wazee walilitumia kukumbuka mwamba, mti au kitanzi. Ofisi ya mtaa ambayo sasa ina orodha ya namba ingefaa iwe pia na daftari la majina, lenye maelezo ya kila jina na asili yake, likiandikwa wakati wazee wanaoyajua bado wapo wa kuulizwa.