Kinga ya Mruko wa Umeme Tarime na Serengeti

Kinga ya mruko wa umeme ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bodi ya umeme ili volti ikipanda ghafla ipelekwe ardhini kabla haijaunguza vyombo. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kifaa hicho kilitangulia mgodini na kwenye minara ya simu. Nyumba za kawaida zilikipata baadaye sana, na nyingi hadi leo hazinacho.

Chanzo kikubwa cha mruko katika wilaya hizi ni radi, na radi yenyewe ni mtoto wa Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo wa ziwani huvuma kuelekea mashariki, hukutana na pepo za kusi au kaskazi kwenye miinuko ya Tarime na ile ya Kisii na Kericho upande wa Kenya, na mawingu hupanda hadi yapasuke jioni. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba huhamia juu ya maji, wanakozijua zaidi wavuvi. Ukanda huu wote umejaa ngurumo. Tororo, mashariki mwa Uganda, imetajwa vitabuni kuwa na takriban siku 250 za ngurumo kwa mwaka.

Kwa miongo mingi radi hiyo iliua watu na ng'ombe bila kugusa umeme, kwa kuwa umeme haukuwepo. Dar es Salaam ilipata taa za kwanza za umeme mwaka 1908 chini ya Wajerumani. Mwaka 1931 biashara ya umeme Tanganyika iligawanywa kwa kampuni mbili binafsi, DARESCO kwa Dar es Salaam na TANESCO kwa sehemu nyingine, lakini upande wa Mara wateja wa maana walikuwa wachache mno. Migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari ilijitegemea kwa mitambo yake. Tarime na Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, zilibaki na chemli. Serikali iliingia katika umiliki wa kampuni hizo mwaka 1964, na TANESCO ikawa mali yake yote mwaka 1975, mwaka uleule bwawa la Kidatu lilipoanza kuzalisha umeme. Musoma iliendelea kutegemea jenereta za dizeli mpaka njia kuu ya umeme kutoka kusini ilipofika Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelezwa hadi Musoma.

Njia ndefu ya umeme ni mtego wa radi. Si lazima nguzo ipigwe: radi ikianguka mita mia kadhaa kando, nguvu yake ya sumaku hutosha kuamsha maelfu ya volti kwenye waya. Wahandisi walilijua hilo tangu karne ya 19, na kinga zao za kwanza zilikuwa mapengo tu ya hewa kati ya waya na ardhi, yaliyopinda kama pembe ili cheche ipande na kujizima. Baadaye zikaja aresta, yaani kinga za njia za umeme, zenye kabidi ya silikoni ndani ya chungu cha kaure. Mabadiliko makubwa yalitoka Japani: mwaka 1968 kampuni ya Matsushita ilitangaza varista ya oksidi ya zinki. Kwa volti ya kawaida varista karibu haipitishi umeme. Volti ikizidi kiwango, kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, inageuka njia pana ya kwenda ardhini, kisha inajifunga tena. Kinga karibu zote zinazouzwa leo kwa ajili ya bodi za nyumba zimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Tarime iliyajua mambo haya kwa mara ya kwanza kwa upana pale mgodi wa North Mara ulipofunguliwa Nyamongo mwaka 2002. Mgodi huo ulipita mikononi mwa Placer Dome mwaka 2003, ukawa wa Barrick mwaka 2006, na baadaye ukaendeshwa kwa miaka kadhaa chini ya jina la Acacia. Umiliki ulibadilika, mahitaji ya mitambo hayakubadilika. Vinu vya kusaga mawe, pampu na mifumo ya kompyuta haviwezi kusimama kila wingu linapoguruma, hivyo kinga hupangwa kwa ngazi: aresta kwenye njia ya umeme mkubwa, kinga nzito kwenye bodi kuu, na nyingine nyepesi karibu na vifaa laini. 

Minara ya simu ilifuata katika miaka ya 2000. Mnara mrefu juu ya kilima ndio kitu ambacho radi hukitafuta, na kwa kawaida haukusimamishwa bila mkanda wa shaba kushuka hadi ardhini, pete ya ethi, yaani waya wa ardhini, kuzunguka msingi, na kinga kwenye bodi inayolisha mitambo. Vijana wengi wa mkoani waliovuta nyaya katika miradi hiyo walijifunzia huko mambo ambayo nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akiyaulizia.

Nyumbani kulibadilika kuanzia mwaka 2007, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi. Nguzo ziliingia vijiji vya Tarime na Serengeti ambavyo havikuwahi kuwa na waya, na gharama ya kuunganishwa vijijini ikawekwa kuwa shilingi 27,000. Nyumba isiyosukwa nyaya iliweza kupewa UMETA, yaani bodi iliyotengenezwa tayari ikiwa na sakiti breka, soketi na kishikio cha taa. Bei ile ilikuwa uamuzi mzuri, lakini haikubeba kinga ya mruko. Wakati huohuo vyombo vyenyewe vilikuwa vimekuwa dhaifu zaidi. Mita ya zamani ya kisahani na balbu ya waya zilivumilia mengi. Mita ya LUKU, king'amuzi, televisheni bapa na chaja ya simu vina vipande vya elektroniki vinavyokufa kwa mruko mmoja. Aresta zinazoonekana kwenye nguzo zimewekwa kuilinda transfoma, na mabaki ya mruko hupita na kuingia majumbani.

Ufungaji wenyewe ni kazi ya saa chache, lakini una masharti. Kinga haikatizi waya. Hufungwa pembeni, kati ya kila fezi, nyutro na ethi, mara baada ya meni swichi, ikiwa na breka au fyuzi yake ili ikiharibika isiunguze bodi. Nyaya zake zikijumlishwa zisizidi nusu mita. Sharti hili ndilo mafundi hulivunja zaidi, kwa kupenda nyaya zilizolazwa kwa mapambo: kwa mruko wa radi kila mita ya waya huongeza takriban volti 1,000, na kifaa cha bei kubwa hubaki pambo. Penye hatari ya radi kupiga jengo au njia ya umeme moja kwa moja huwekwa kinga ya aina ya 1. Kwa bodi za kawaida aina ya 2 hutosha, na aina ya 3 hukaa karibu na chombo.

Hata hivyo mzizi wa kazi uko ardhini. Tarime ina miamba karibu na uso wa nchi, na kiangazi udongo wa Serengeti hukauka hadi ethi iliyopimwa vizuri wakati wa masika isifae tena. Mafundi wengi hujaza mkaa na chumvi kuzunguka fimbo ya ethi. Mkaa husaidia kutunza unyevu. Chumvi hushusha ukinzani kwa muda, kisha husombwa na mvua na kuila fimbo. Kuongeza fimbo na kuziunganisha ni dawa bora, ingawa wizi wa shaba umefanya baadhi ya ethi kutoweka bila mwenye nyumba kujua.

Kinga hii haitibu kila ugonjwa. Nyutro ikikatika kwenye njia ya fezi tatu, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 kwa dakika nyingi, na varista iliyoundwa kwa milipuko ya kufumba na kufumbua huungua yenyewe. Hapo kinachofaa ni kifaa kinachokata umeme volti ikizidi au ikipungua, kile kinachouzwa madukani kwa ajili ya majokofu. Vyote viwili vinahitajika, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Kazi ya kufunga kinga kisheria ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kinga nyingi zina kidirisha kidogo usoni: kijani maana yake ni nzima, nyekundu imekwisha. Iliyokwisha haitengenezwi, hubadilishwa, na ukaguzi wake unafaa ufanywe kabla ya vuli na tena kabla ya masika.