Nondo wa viwavijeshi vamizi: Doa la bawa hutambulisha dume

MKULIMA wa mahindi wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, anapoona nondo wa kijivu akizunguka taa usiku, ni vema amtazame mabawa kabla ya kumpuuza. Huenda ni mzazi wa viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuingia Tanzania mwaka 2017.

Nondo huyo, ambaye kitaalamu huitwa Spodoptera frugiperda, hufikia upana wa milimita 32 hadi 40 mabawa yakinyooshwa. Dume ndiye rahisi kumtambua. Mabawa yake ya mbele ni ya kijivu na kahawia, na karibu na ncha ya kila bawa kuna doa jeupe la pembetatu. Katikati lipo doa jingine hafifu, lililolala mshazari. Jike hana doa hilo jeupe, na michoro yake imefifia. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe yenye mng'aro wa fedha.

Kiwavijeshi wa asili ya Afrika, Spodoptera exempta, hutokana na nondo anayefanana naye, lakini asiye na pembetatu hiyo. Tofauti hiyo ina uzito shambani. Viwavi wa asili hutembea kwa makundi na kuonekana bayana, ilhali vamizi hujificha ndani ya majani machanga katikati ya mhindi, ambako dawa haiwafikii kwa urahisi.

Mitego yenye harufu ya jike hunasa madume, ambao ndio wenye alama. Hata hivyo, nondo wa aina nyingine nao huingia, na magamba ya bawa hupukutika kama vumbi wanapopapatika. Aliyechakaa hivyo hutambuliwa na wataalamu kwa kuchunguza viungo vyake vya uzazi kwa hadubini.

Mkulima asiye na hadubini amchunguze kiwavi. Aliye vamizi ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, hivyo anayeona dalili hizo amwite afisa ugani mapema, viwavi wakiwa bado wadogo.