Mazda: gari la wengi na gari la ushindi mmoja

Kampuni ya Mazda, yenye makao yake mkoani Hiroshima, Japan, inafahamika Afrika Mashariki hasa kwa magari madogo ya familia yanayoingizwa yakiwa yamekwishatumika.

Lakini sifa yake miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi imejengwa na magari mawili yaliyo tofauti mno: MX-5, lililokusudiwa watu wa kipato cha kawaida, na 787B, gari la mashindano ambalo yaliundwa matatu tu.

Gari la wazi

MX-5 lilizinduliwa Februari 1989 katika maonyesho ya magari ya Chicago, Marekani. Wahandisi wake, wakiongozwa na Toshihiko Hirai, walifufua wazo la magari mepesi ya Uingereza ya miaka ya 1960, kama vile Lotus Elan, ambayo yalikuwa yamekwishatoweka sokoni.

Lilikuwa na viti viwili, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115. Nchini Marekani bei yake ilianzia karibu dola 14,000.

Gari la saa 24

787B lilikuwa na kazi kuu moja: kukimbia usiku na mchana katika mashindano ya Le Mans, nchini Ufaransa.

Injini yake haikuwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani yake mlikuwa na rota nne za pembe tatu zinazozunguka, zikitoa nguvu za farasi zipatazo 700.

Tarehe 23 Juni 1991, gari namba 55, la rangi ya machungwa na kijani, lilimaliza la kwanza baada ya mizunguko 362. Lilichukua uongozi saa chache kabla ya mwisho, gari la Mercedes lililokuwa mbele lilipoharibika.

Madereva walikuwa Volker Weidler, Bertrand Gachot na Johnny Herbert. Herbert, aliyeendesha zamu ya mwisho, alizidiwa kwa kupungukiwa maji mwilini, hata akashindwa kupanda jukwaani kupokea ushindi.

Mazda ikawa kampuni ya kwanza ya Japan kushinda Le Mans. Nyingine, Toyota, ilisubiri hadi 2018.

Siri ya wepesi

Yapo yanayoyaunganisha magari hayo. 787B liliruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 830, wakati wapinzani wake wakuu walitakiwa kufikia kilo 1,000. MX-5 nalo halikufika tani moja. Yote mawili yalitegemea wepesi, si injini kubwa.

Hatima yao, hata hivyo, ni tofauti. Kanuni za 1992 zilitaka injini za pistoni za lita 3.5, na 787B likakosa nafasi. Baadhi ya mashabiki husimulia kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya kushinda, lakini mabadiliko hayo yalikuwa yamepangwa kabla ya ushindi huo.

MX-5 liliendelea. Aprili 2016 lilitengenezwa la milioni moja.

Gari namba 55 limehifadhiwa na Mazda huko Hiroshima kama kumbukumbu. Lilileta heshima ambayo fedha za matangazo haziwezi kuinunua; lakini ni MX-5 lililowapa watu wa kawaida nafasi ya kushika usukani wenyewe.