Siku 20 bila intaneti: wanafunzi wa Kisangani na kutafuta majibu

Wazazi wengi wananiuliza swali moja tu: telefone inawasaidia watoto kufikiri, ao inawazuia? Sina jibu la neno moja. Lakini mji wetu umekwisha kupitia jaribio ambalo wengi wamelisahau.

Tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa katika nchi nzima, na SMS nazo zikakatwa. Ilirudi karibu tarehe 20 Januari 2019. Mdogo wangu alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho wa graduat. Siku za kwanza alikaa na telefone mkononi, anaizima na kuiwasha. Siku ya nne akapanda toleka, akaenda kutafuta vitabu kwa papa mmoja, mwalimu wa zamani. Alirudi amekasirika. Kitabu hakina mahali pa kuandika swali! Ilibidi ajifunze kusoma orodha ya sura, kutafuta neno kwenye kurasa za nyuma, kulinganisha waandishi wawili wasiokubaliana.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa na kurasa 11. Nilimwuliza maswali juu yake, akajibu bila kuangalia karatasi. Intaneti iliporudi, alimaliza sura iliyobaki kwa siku mbili. Nikamwuliza juu ya sura hiyo, akababaika. Ila niseme ukweli wote: vitabu vile viliishia miaka ya 1980, na hesabu zote mpya za kazi yake zilitoka kwenye intaneti.

Kuna wazee wanaosema sisi wa zamani tulifikiri zaidi. Mimi si mmoja wao. Ni mtoto wa Vita ya Siku Sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu na makombora zaidi ya 6,000 yakaanguka juu ya watu. Mto ulikuwa umefungwa, vitabu havikupanda kutoka Kinshasa. Darasani kwetu kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Aliandika ubaoni, tukanakili, tukakariri. Mwalimu akibadilisha namba moja katika tatizo la hesabu, nusu ya darasa ilikwama. Kukariri ubao na kunakili telefone ni ndugu wa tumbo moja.

Baadaye zilikuja siberi, kama tulivyoita nyumba za intaneti, ambapo ulilipa kwa dakika na kwa hiyo ulifika na swali lako limeandikwa tayari. Kisha telefone zikashuka bei. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipita pia kwenye redio. Redio haikujibu swali la mtoto, lakini haikumfanyia kazi yake pia.

Tangu mwisho wa 2022 kuna ChatGPT, na hapo mambo yamebadilika, maana mashine haitoi tu habari, inatoa kazi iliyomalizika. Nchini Uturuki watafiti walifuata karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari katika somo la hesabu. Waliopewa mashine inayojibu kila kitu walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Mashine ilipoondolewa siku ya mtihani, walipata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuipata kamwe. Kundi lingine lilipewa mashine iliyokatazwa kutoa jibu, ikasaidia kwa vidokezo tu. Hao hawakupata hasara kubwa.

Wazazi, fikirieni Egzeta. Pale mlangoni telefone haiingii. Mtoto anabaki na kalamu na kichwa chake.

Siku chache zilizopita nilikuwa kwa familia moja iliyovuka mto tangu mapigano ya 2023. Binti yao anajitayarisha kwa mtihani huo. Telefone ni moja kwa watu saba, na kuichaji dukani ni franga 500. Alinionyesha tatizo: wafanyakazi 6 wanachimba shimo kwa siku 8, wafanyakazi 4 watatumia siku ngapi? Jibu lake, 12, lilikuwa sawa. Nikasema: na wakiwa 3? Akanyoosha mkono achukue telefone. Ilikuwa imezimika.

Tukachukua kipande cha makala, tukaandika kwenye sakafu ya simenti. Nikamwuliza kwanza: watu wakipungua, siku zitaongezeka ao zitapungua? Alikaa kimya muda mrefu. Zitaongezeka, akasema. Basi kazi nzima ni siku ngapi za mtu mmoja? Sita mara nane, 48. Akagawa kwa 3, akaandika 16, akafuta, akahesabu tena, akaandika 16 tena.

Mama yake alikuwa anatwanga sombe pembeni, tulidhani hasikilizi.

"Na wakiwa wawili?" akauliza.

Binti akajibu kabla yangu: "24, mama."