Kansa kwa vijana: matunzo yanayofaa umri wao

Kansa si ugonjwa wa wazee peke yao. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400.000, tangu wachanga hadi wenye miaka 19, wanapatwa na kansa. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kwa mia wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30 kwa mia. Tofauti hiyo haitokani na laana. OMS inataja sababu zake: ugonjwa kuchelewa kutambuliwa, kutambuliwa vibaya, dawa kukosekana, na matibabu kuachwa katikati.

Kati ya watoto na watu wazima

Kijana ana shida yake ya pekee. Amekuwa mkubwa kwa chumba cha watoto, lakini hajawa mtu wa kulazwa pamoja na wazee. Kansa zake nazo si zile za wazee. Kati ya miaka 13 na 24 huonekana hasa kansa ya damu, kansa ya tezi iitwayo limfoma, kansa ya ubongo, ya mifupa, na kwa wavulana ya korodani. Ile ya mifupa mara nyingi huanza karibu na goti, wakati kijana anaporefuka haraka.

Mahali anapotunzwa panaweza kuamua uhai wake. Mwaka 2003 waganga wa Ufaransa walitangaza matokeo ya vijana wa miaka 15 hadi 20 waliokuwa na aina moja ya kansa ya damu. Wengine walikuwa wametibiwa kwa mpango wa watoto, wengine kwa mpango wa watu wazima. Baada ya miaka 5, katika kundi la kwanza 67 kwa mia walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Katika kundi la pili, 41 kwa mia.

Uingereza ilianza mapema kuwatengea vijana mahali pao. Mwaka 1990 shirika la Teenage Cancer Trust lilifungua chumba cha kwanza cha vijana katika hospitali ya Middlesex, London. Leo lina vyumba 28 ndani ya hospitali za serikali, kwa wenye miaka 13 hadi 24. Humo mna wauguzi waliozoea vijana, watu wa kuwasaidia katika maisha ya kila siku, na mahali pa kukaa na wenzao wenye ugonjwa kama wao.

Zaidi ya dawa

Matunzo ya kijana yana mambo manne yasiyosahauliwa. Aambiwe ukweli juu ya ugonjwa wake, yeye mwenyewe, si wazazi tu. Aelezwe kabla ya kuanza kwamba dawa nyingine zinaweza kuzuia uzazi, ili aulize kama kuna njia ya kuulinda. Masomo yake yasikatwe kabisa. Na akisha kupona, aendelee kupimwa, kwa sababu dawa nyingine huacha madhara moyoni au mwilini miaka mingi baadaye.

Dalili za kuangalia

- Uvimbe unaokua au usioisha
- Maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku
- Homa isiyoisha, jasho jingi usiku, kukonda
- Kutokwa damu puani au kwenye ufizi mara kwa mara
- Kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika

Nyingi za dalili hizi hufanana na za malaria, kifua kikuu, au kuumia kwenye mpira. Ndiyo maana kansa ya kijana hupita bila kuonekana. Akitibiwa na hali isibadilike, arudi kwa mganga na kuomba vipimo zaidi. Uvimbe usikandwe wala kuchanjwa nyumbani.

Kwa majirani wetu kuna vituo viwili vinavyojulikana kwa kutibu kansa: Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, na Uganda Cancer Institute ya Kampala, kilichoanza mwaka 1967 kwa kuwatunza wagonjwa wa limfoma. Mgonjwa asiende mikono mitupu: achukue barua ya mganga wake na matokeo yote ya vipimo.

Yaliyo mikononi mwa kanisa

Kanisa haliwezi kununua mashine, lakini linaweza kuzuia matibabu yasiachwe katikati. Kansa ya damu inaweza kutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Baada ya miezi michache kijana huonekana mzima, pesa ya safari inaisha, na jamaa wanasema amepona. Hapo ndipo ugonjwa hurudi kwa nguvu.

Kwa hiyo kikundi cha vijana au kwaya inaweza kuandika tarehe zake za hospitali, kuchanga nauli, kumnakilia masomo, na kumpikia mama anayemlinda. Kansa haiambukizi, asitengwe kwa sahani wala kwa kiti. Ila dawa hupunguza kinga ya mwili wake, basi mwenye mafua au homa asimtembelee.

Tumwombee pia. Lakini anayemwombea asimwambie aache dawa. Amuulize tarehe yake ya kurudi hospitali ni lini, na ni nani atakayemsindikiza.