Majedwali Yanaposhindwa

Mwaka 1817, jijini Paris, Antoine Voisin alichapisha kitabu cha safu juu ya safu za namba. Kilikuwa majedwali ya robo za miraba ya namba hadi 20,000. Aliyekuwa nacho hakuhitaji kuzidisha. Akitaka 53 mara 47, alijumlisha akapata 100, akatoa akapata 6. Robo ya mraba wa 100 ni 2,500. Robo ya mraba wa 6 ni 9. Toa 9, jibu ni 2,491. Mwaka 1887 Joseph Blater aliyafikisha majedwali ya aina hiyo 200,000.

Kanuni yenyewe ni ya kale mno. Euclid aliithibitisha kwa mchoro, bila herufi za aljebra, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Tuichore upya kwa shamba la migomba na kahawa la huku Makumira. Shamba ni mraba, hatua 100 kila upande. Mzee anamkatia mwanawe kona ya mraba, hatua 40 kila upande. Kipande kinachobaki kina mikono miwili. Ukate mmoja, uuunge kwenye ncha ya mwenzake: unapata ukanda wenye upana wa hatua 60 na urefu wa hatua 140. Yaani 100 toa 40, mara 100 jumlisha 40. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha Baghdad cha karne ya 9 kilitupa neno aljebra, naye alithibitisha kanuni zake kwa kukata na kuunga maumbo hivyo hivyo.

Kwetu kanuni hii bado ina kazi. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi; mwanafunzi ana majedwali ya tarakimu nne. Mpe swali hili: mraba wa 8,734 toa mraba wa 8,733. Jedwali linampa 76,280,000 na 76,270,000. Tofauti ni 10,000. Jibu sahihi ni 17,467. Jedwali halikudanganya. Lilikata tarakimu za nyuma, na jibu lilikuwa limejificha humo humo. Vigawo vinalitoa bila jedwali: 8,734 jumlisha 8,733, mara 1.

Muuza parachichi wa Tengeru analijua jambo hili kwa njia yake. Akiuza 17 asubuhi na 3 mchana, kila moja shilingi 350, hajumlishi 5,950 na 1,050. Anasema ishirini, elfu saba. Ametafuta kigawo cha shirika kabla ya kuzidisha.

Wanafunzi ninaowafundisha jioni walijifunza neno hilo, kigawo, kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Sekondari wakapewa kanuni kwa Kiingereza, wakaikariri kwa herufi mbili, na wachache walijua kwamba ni kitu kile kile. Nikichora shamba chini kwa kijiti, wanabishana kwanza kuhusu mzee na mwanawe, kisha wanapata jibu.

Wapo wanaosema simu imemaliza haja ya haya yote. Lakini kompyuta nayo hubeba tarakimu chache, ikakata za nyuma kama jedwali. Ndiyo maana waandishi makini wa programu za hesabu, miraba miwili inapokaribiana, huiamuru ijumlishe pande, itoe pande, ndipo izidishe.