Sheria za majimbo ya Marekani dhidi ya maovu ya intaneti

MAREKANI ina majimbo 50, na kila moja lina bunge linalotunga sheria zake. Ndiyo sababu vita dhidi ya maovu ya intaneti vilianzia majimboni kabla ya serikali kuu kuingilia kati. Hata hivyo, majimbo hayo hufungwa na mambo mawili: sheria za taifa na Katiba.

Barua taka: Hizi ni barua-pepe za matangazo zinazotumiwa watu wengi bila ridhaa yao. Nevada ndiyo iliyotangulia kupitisha sheria dhidi yake, mwaka 1997. Mnamo Septemba 2003, California ilimtaka mtangazaji apate kwanza idhini ya mpokeaji. Sheria hiyo haikupata kutumika. Desemba mwaka huo, Rais George W. Bush alitia saini sheria ya taifa iliyoitangua, ikayaachia majimbo uwezo wa kuadhibu udanganyifu. Chini ya sheria hiyo, mtangazaji haombi idhini. Ni mpokeaji anayepaswa kukataa.

Mwaka 2008, Mahakama ya Juu ya Virginia ilibatilisha sheria ya jimbo hilo kwa kukiuka haki ya kujieleza bila kujitambulisha. Kifungo cha miaka tisa alichopewa mtumaji mmoja kikafutwa.

Programu za ujasusi: Hujipenyeza katika kompyuta na kuchukua siri za mwenyewe. Utah ilitangulia kuzipiga marufuku Machi 2004, lakini mahakama ikaisimamisha sheria hiyo Juni. Ile ya California, iliyoanza kutumika Januari 1, 2005, ilikataza kunasa kwa hila herufi anazobofya mtumiaji.

Mitandao ya kijamii: Mwaka 2012, Maryland ilikuwa ya kwanza kuwakataza waajiri kudai maneno ya siri ya wafanyakazi. North Carolina nayo iliwafungia mitandao waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo mwaka 2017. Arkansas ilipotaka wazazi watoe idhini kabla ya watoto kujisajili, mahakama iliizuia Agosti 2023, ikisalia siku moja ianze kutumika.

Funzo ni kwamba sheria inayolenga hila ina nafasi bora ya kudumu. Inayogusa usemi wenyewe, hata kwa nia njema ya kuwalinda watoto, mara nyingi hukwama mahakamani.